Kutembea na mtoto wa miezi minne katika vichochoro vya Mji Mkongwe: naomba ushauri

Mama wa Kiponda

Assalaam alaykum ndugu zangu. Ninaishi Kiponda, ndani ya Mji Mkongwe wa Zanzibar, ghorofa ya tatu ya nyumba ya zamani ambayo ngazi zake zimesimama mno, na binti yangu wa kwanza ametimiza miezi minne wiki iliyopita. Nilijifungua kwa upasuaji. Tangu arobaini ilipokwisha, safari zangu pamoja naye zimekuwa za kliniki tu, yaani chanjo ya wiki ya 6, ya 10 na ya 14, na kumpima uzito. Siku nyingine zote tunashinda ndani. Mtoto mwenyewe ameanza kuonyesha kwamba amechoshwa na chumba kimoja, kwa sababu kila ikikaribia alasiri hulia bila ya njaa wala homa, na nikisimama naye dirishani akasikia sauti za watu wanaopita chini, hunyamaza na kukodoa macho. Mimi pia, niseme kweli, ninahitaji kutoka. Kuna siku ninahisi kuta zinanisogelea.

Wifi yangu aliyeko Muscat alituletea kigari kizuri cha mtoto, na wiki mbili zilizopita nilikishusha kwa msaada wa jirani nikajaribu kwenda nacho hadi bustani ya Forodhani kwa kupitia Hurumzi. Kabla sijafika nusu ya njia magurudumu yalikuwa yamenasa mara tatu, mara ya mwisho kwenye mfuniko wa mtaro uliovunjika, na papo hapo ikatokea vespa kwenye pembe ya nyumba bila ya kupiga honi. Kijana mmoja aliyekuwa ameketi barazani aliruka akanisaidia kukinyanyua kigari na kukiweka juu ya baraza, vespa ikapita. Mtoto hakuamka hata kidogo, lakini mimi mikono ilinitetemeka hadi usiku, na kigari sijakigusa tena.

Mama mkwe wangu, ambaye ninamheshimu na ambaye amenilea kama binti yake tangu niolewe, anaona kwamba mtoto asitolewe nje kwa matembezi mpaka aweze kukaa mwenyewe, kwa kuhofia upepo na jicho. Sitaki kubishana naye, wala sitaki kuendelea kujifungia. Ningependa kusikia kutoka kwa waliolea watoto wachanga humu mjini: mlikuwa mnatembea nao vipi, saa ngapi, na kwa njia zipi?

Mkunga Mstaafu

Wa alaykum salaam, mwanangu, na hongera kwa binti. Nimefanya kazi ya ukunga kwa zaidi ya miaka thelathini, na kabla ya jambo lolote niseme kwamba kilio cha alasiri ulichokieleza ni cha kawaida kabisa kwa umri huo, na kumtoa nje ni mojawapo ya njia bora za kukituliza. Mtoto wa miezi minne ameanza kuona mbali na kutambua sauti, kwa hiyo ukuta mweupe haumtoshi.

Kuhusu kigari, vichochoro vya Kiponda, Hurumzi na Malindi vilijengwa kwa ajili ya watu wanaokwenda kwa miguu, na punda na mizigo ya kichwani, kwa hiyo usijilaumu. Mbebe mwilini. Binti wa miezi minne kwa kawaida ana uzito wa kilo 6 na kidogo, na kwa kuwa umeshapita miezi minne tangu upasuaji, kama daktari alikukagua na kukuambia kwamba kidonda kimepona vizuri, mzigo huo utaumudu, ila anza na dakika kumi na tano tu kisha uongeze siku hadi siku. Ukihisi mvuto au maumivu chini ya tumbo, rudi nyumbani, na yakiendelea nenda hospitali.

Mbeleko ya kanga inatosha, na sielewi kwa nini vijana wa siku hizi wanaiona ni ya shamba. Mfunge kifuani akiwa amesimama wima, uso wake ukiuona bila ya kufunua nguo, na kidevu chake kisiinamie kifua chake mwenyewe, kwa sababu mtoto mchanga anayejikunja shingo anaweza kubanwa pumzi bila ya kutoa sauti yoyote. Magoti yake yawe juu kidogo kuliko makalio, kama chura. Inama ukimbusu utosini: ukiufikia utosi kwa midomo yako, umemfunga kwa urefu unaofaa. Mgongoni msubiri mpaka shingo iwe imara kweli kweli, akiinua kichwa na kukigeuza bila ya kuyumba.

Joto ndilo linaloniogopesha zaidi kuliko upepo. Mtoto wa chini ya miezi sita asiwekwe kwenye jua kali hata kidogo, na mafuta ya kuzuia jua si ya umri wake, kwa hiyo kinga yake ni kivuli, kofia na nguo nyepesi ya pamba. Toka asubuhi kabla ya saa mbili na nusu, au baada ya sala ya alasiri. Kumjua kama amepata joto, mguse nyuma ya shingo au kifuani. Usitazame viganja, kwani viganja vya watoto huwa baridi hata wakati wa kaskazi. Usimpe maji kwa kisingizio cha joto. Maziwa yako yanamtosha mpaka atimize miezi sita, na siku za joto atanyonya mara nyingi zaidi, basi kaa kwenye baraza yenye kivuli, jifunike kanga yako, umnyonyeshe. Na siku utakayotumia kigari, usikifunike kwa khanga au shuka ili mtoto alale, maana ndani yake joto hupanda upesi mno.

Neno moja kuhusu jicho. Ukitaka kumsomea mtoto kabla ya kutoka, msomee, hiyo ni kinga ya imani yako. Wanja anaopakwa mtoto kwa kuhofia jicho ndio ninaokuomba uuache, kwa sababu baadhi ya wanja unaouzwa madukani una madini ya risasi, na risasi hudhuru ubongo wa mtoto.

Mkaazi wa Vuga

Ninamheshimu sana Mkunga, lakini ningependa kukitetea kigari kidogo. Mimi pia nilijifungua kwa upasuaji, nina tatizo la mgongo, na mbeleko iliniumiza kiasi kwamba baada ya wiki moja nilishindwa kuinama. Kigari hakikukosa kazi, kilikosa barabara. Kiache chini kwenye daka, pale mlangoni pa kuingilia, kikiwa kimefungwa kwa mnyororo, mbebe mtoto mikononi mpaka utoke kwenye vichochoro, na mumeo au jirani akutolee kigari mpaka mahali penye nafasi. Huku kwetu Vuga na Mnazi Mmoja njia za pembeni ni pana kuliko huko kwenu, na Bustani ya Jamhuri ina miti na mahali pa kukaa. Mimi hufanya mzunguko wa bustani mara mbili, na mtoto huwa amelala kabla ya mzunguko wa pili kwisha. Tahadhari ni moja: kigari kinamweka mtoto kwenye kimo cha bomba la moshi la magari, kwa hiyo usisimame naye kando ya daladala zinazonguruma pale Darajani.

Bibi wa Sokomuhogo

Mwanangu, mimi nimezaliwa humu humu mjini na nimelea watoto sita na wajukuu nisiowataja idadi, Mwenyezi Mungu awahifadhi. Nimesoma maneno ya wenzangu na yote ni mazuri, ila naona bado hujajibiwa kuhusu njia.

Zamani mama hakutoka kwenda "kutembea" tu. Alitoka kwenda kwa mtu. Arobaini ikishapita ulimchukua mtoto kumpeleka kwa shangazi, kwa somo, kwa jirani aliyekuletea uji wa pilipili manga ulipokuwa uzazini, na kila nyumba uliyopita palikuwa na mtu barazani anayekuuliza hali. Safari ya hatua mia mbili ilichukua saa nzima. Mtoto alipita mikono mingi, akasikia sauti nyingi, na mama alipumzika mara tano njiani bila ya kuona kwamba anapumzika. Ndiyo maana ninakushauri usianze na Forodhani. Chagua watu watatu unaowapenda ambao nyumba zao haziko mbali, uwaambie kwamba wiki hii utapita kwao na mtoto.

Kwako Kiponda njia ninayoiona nyepesi ni ya kuteremkia Mti Mkubwa. Haina ngazi, na asubuhi kuta zile ndefu huifunika kwa kivuli, kwa sababu nyumba zinakaribiana kiasi kwamba jua haliingii mpaka linapokaribia utosini. Ukifika kwenye Mti Mkubwa unapata upepo wa bahari na kivuli kipana, na unaweza kupumzika pale ukitazama mabaharia. Kisha ufuate ukuta wa bahari wa Mizingani upande wa Forodhani. Usielekee bandarini, kwa sababu asubuhi boti zikifika kutoka Dar es Salaam malori, mahamali na abiria wanasukumana. Mbele ya Beit el Ajaib, lile jumba kubwa la kale, tangu sehemu yake ilipoporomoka Desemba 2020, mimi huvuka nikapita upande wa bustani, na nawaambia wajukuu wangu wafanye hivyo hivyo. Forodhani yenyewe nenda kabla ya jioni, kwani wauza chakula wakishawasha mikaa, moshi ule si wa mapafu ya mtoto.

Wakati wa masika utaona watu wanatembea juu ya baraza, kwa sababu maji yanajaa kichochoroni na baraza ndiyo njia kavu. Wewe usifanye hivyo na mtoto kifuani, maana saruji iliyolowa inateleza. Subiri mvua ikatike. Na mvua kubwa ikishanyesha usipite chini ya roshani zilizochoka. Nyumba zetu ni za mawe ya matumbawe na chokaa, na chokaa ikinywa maji mengi huachia. Nimeona kipande cha ukuta kikianguka mahali nilipokuwa nimesimama dakika moja kabla.

Kuhusu mama mkwe wako, usimshinde kwa hoja. Mwambie, "Mama, ninaogopa kutoka peke yangu, nifuatane nawe." Mimi ni mama mkwe wa wanawake watatu, na ninakuhakikishia kwamba sentensi hiyo haina jibu isipokuwa kuvaa buibui.

Mama wa Kiponda

Shikamoo Bibi, na shikamoo Mkunga. Nimewashukuru sana nyote. Nimeyaandika maneno yenu kwenye daftari. Nina mambo mawili yaliyobaki. La kwanza ni watu wanaombusu mtoto. Ile siku moja niliyotoka, watu wanne walimbusu mashavuni, wawili miongoni mwao siwajui, na mmoja alikuwa na mafua. La pili ni wageni watalii. Mmoja alimpiga picha mtoto wangu bila ya kuniuliza, akatabasamu, akaenda zake. Nilibaki nimeduwaa. Inanikera mpaka leo kwamba uso wa binti yangu umo katika simu ya mtu nisiyemfahamu.

Mkunga Mstaafu

Kumbusu usoni na viganjani kuzuie, mwanangu, bila ya kuona haya, kwani viganja vyake anavitia mdomoni muda wote. Mafua ya mtu mzima ni kitu kidogo kwake, lakini kwa mtoto wa miezi minne yanaweza kushuka kifuani. Njia yenye adabu ni kumpa mtu kitu kingine: nyanyua mguu wake mdogo useme, "Mbusu hapa, anapenda." Watu hucheka na hakuna anayevunjika moyo. Hii pia ni faida ya mbeleko, kwa kuwa mtoto aliyefungwa kifuani kwa mama hachukuliwi ovyo kama yule aliyelazwa kigarini. Na kwa kuwa utatoka asubuhi na alasiri, kumbuka kwamba mbu wanaoeneza homa ya dengi huuma mchana, hasa nyakati hizo hizo, basi mvalishe suruali nyepesi na soksi.

Baba wa Malindi

Naomba nichangie kama mwanamume, kwa sababu katika nyumba yetu matembezi ya alasiri ni kazi yangu. Mke wangu anafundisha skuli na hurudi amechoka, kwa hiyo baada ya sala ya alasiri ninamchukua mwanangu wa miezi saba, ninampakata, na tunatoka mpaka maghribi inapokaribia. Siku za mwanzo wazee wa barazani walinitania, wakasema nimegeuka yaya. Hivi sasa nikichelewa wananiuliza mtoto yuko wapi. Mmoja wao humwekea tende, ingawa bado hatumpi, na mwingine humwimbia. Ninasema haya ili mumeo aliyesomewa uzi huu, au atakayeusoma, ajue kwamba matembezi haya hayampasi mama peke yake. Mimi nimemjua mwanangu kwa njia hii zaidi kuliko kwa kumtazama akiwa amelala.

Kuhusu vespa na pikipiki, hili ni jambo linaloniumiza, kwa sababu vichochoro ambavyo tulicheza mpira tukiwa wadogo sasa havina usalama kwa mtoto anayetambaa. Mpaka litakapopatiwa dawa, mimi nimejiwekea desturi. Ninatembea karibu na ukuta, na mtoto ninambeba upande wa ukuta, si upande wa njia. Kila nikifika kwenye pembe ninasimama kwanza nisikilize, kwa kuwa katika mji huu sikio huona kabla ya jicho. Mlio wa injini unasikika mapema kwa sababu kuta zinaurudisha. Sivai kitu chochote masikioni wala sishiki simu. Na nyakati mbaya ninazikwepa, nazo ni asubuhi wakati watoto wanapelekwa skuli, mchana zamu zinapobadilishana, na zile dakika kumi kabla ya adhana ambapo kila mtu anakimbilia msikitini.

Kuhusu picha, nilipatwa na jambo hilo hilo mbele ya Kanisa la Minara Miwili. Mpiga picha hamjui mtoto wako, na mara nyingi hana nia mbaya, lakini mtoto hana uwezo wa kukubali wala kukataa, kwa hiyo wewe ndiye ulimi wake. Mgeuze uso wake kifuani kwako, nyoosha kiganja na useme "No photo" kwa sauti ya kawaida. Kama ameshapiga, mwombe aifute mbele yako. Mimi niliomba, na mgeni yule aliifuta akaomba radhi. Vichochoro vya Gizenga na vile vinavyozunguka Ngome Kongwe ndiko wageni wanakojaa zaidi, basi ukipenda utulivu pitia ndani zaidi, upande wa makazi.

Mkaazi wa Vuga

Ninaongeza kitu kidogo kuhusu muda wa kurudi. Kwetu sisi mtoto huwa ndani kabla ya maghribi, kama tulivyofundishwa, na nimeona kwamba hata kwa ajili ya mbu wa usiku ni jambo la busara. Ninageuza safari nikiona taa za kwanza zinawashwa, ili nisipande ngazi gizani na mtoto mkononi.

Mama wa Kiponda

Assalaam alaykum tena. Zimepita siku kumi na mbili na nimeona ni haki yenu mjue ilivyokuwa.

Nilimwambia mama mkwe wangu maneno yale yale ya Bibi, neno kwa neno. Alinyamaza kidogo, akauliza, "Saa ngapi?" Siku ya pili yake saa kumi na moja na robo alfajiri alikuwa ameshavaa, ameketi kwenye kiti karibu na mlango, nasi tulikuwa bado tumelala. Ikabidi nimwombe tusubiri kupambazuke. Yeye ndiye aliyemfunga mtoto kifuani kwangu, kwa kanga yake mwenyewe, na alifunga vizuri kuliko video zote nilizozitazama. Nilipoinama nikaufikia utosi bila ya taabu. Alisoma anayoyajua, akampulizia usoni, tukashuka. Wanja hatukumpaka. Nilikuwa nimejitayarisha kwa mabishano, lakini nilipomweleza habari ya risasi alisema tu kwamba mdogo wake alikuwa na macho mabaya utotoni, na hajui sababu.

Tulifika Mti Mkubwa siku ya tatu, kwa kuwa siku mbili za mwanzo hatukuvuka nyumba ya nne. Ilikuwa kama Bibi alivyosema. Kila baraza mama mkwe alisimama, na kila aliposimama nilijifunza jambo: nani aliishi nyumba ipi, mlango upi uliuzwa, bomba lipi lilikuwa na maji matamu. Nimekaa Kiponda miaka mitatu na sikuwa nimeyajua majina ya majirani wa mtaa wa nyuma. Sasa wananiita kwa jina la mtoto wangu. Mguu wake umebusiwa mara nyingi kiasi kwamba yeye mwenyewe ameanza kuunyanyua akiona mtu anainama.

Vespa zimepita, na mara mbili nilijibana ukutani huku moyo ukinidunda. Desturi ya Baba wa Malindi, yaani ile ya kusimama kwenye pembe na kusikiliza, imenisaidia kweli. Kidonda hakijaniuma. Tumefikia dakika arobaini, pamoja na mapumziko ya kunyonyesha kwenye baraza ya nyumba moja ya Malindi ambayo mwenyewe ametutengea mkeka.

Kigari kiko chini kwenye daka. Ijumaa ijayo, inshaallah, mume wangu atakibeba mpaka Bustani ya Jamhuri nasi tutamfuata nyuma na mtoto, na mama mkwe amesema atakuja na chupa ya chai.